Dau na nguvu ya kadi: kutafuta chanzo cha hasara kwenye meza ya poka

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua sheria za Texas Hold'em na mpangilio wa ushindi, lakini chipu zake huisha kila Jumamosi na haoni zinapopotelea. Ukifuatilia hasara ya namna hiyo mkono kwa mkono, karibu kila mara unakuta dau halikulingana na kadi: kubwa pasipo na wa kulipa, dogo palipo na mavuno, au mtu amefuata pale alipopaswa kutupa.

Mifano yote inachukua meza ya kawaida ya marafiki, iwe Milimani ya Nakuru, Mamboleo kule Kisumu au Kakamega mjini: watu sita hadi wanane, madau ya lazima 10 na 20, kila mmoja akianza na chipu 2,000. Mkichezea punje za mahindi hesabu ni ileile. Poti ni kitita kilichokusanyika katikati ya meza. Kupitisha ni kugonga meza bila kuweka kitu, kufuata ni kulipa dau la mwenzako, kupandisha ni kuliongeza, kutupa ni kuachana na mkono huo. Mezani hufunguliwa kadi tatu kwa pamoja, kisha ya nne, kisha ya tano, na kila hatua ina raundi yake ya madau.

Pande hizi watu wengi hushika karata kwanza kupitia kadi, ule mchezo wa kumaliza kadi za mkononi na kutangaza "niko kadi". Mchezo huo unafunza tabia mbili. Ya kwanza ni kuficha silaha: A ya kuzuia adhabu ya 2 na 3 hutunzwa hadi dakika ya mwisho. Ya pili ni kubaki ndani: ukishagawiwa, unacheza mpaka mtu amalize. Kwenye kadi tabia zote mbili ni za busara. Kwenye poka zinagharimu sana, na nyingi ya dalili zilizo hapa chini zina mizizi kwenye moja kati yake.

Kwanza pima kadi, ndipo ukague dau

Nguvu ya kadi haitokani na zile mbili za mkononi peke yake. A-A ni pea bora kuliko zote kabla meza haijafunguliwa. Meza ikionyesha 9-8-7-6 na watu wawili wanapandishiana, hiyo A-A ni pea moja tu. Pea mbili ni nzuri hadi kopa ya nne itokee. A-4 kwenye meza ya A-K-9 ni pea ya juu, lakini karibu kila mwenye A nyingine ana kadi ya kando, yaani ile ya pili ya mkononi isiyo kwenye pea, inayoizidi 4 yako.

Kila raundi, ziweke kadi zako kwenye fungu moja. Kuna nzito: tatu sawa, mfululizo (kadi tano zinazofuatana), flashi (kadi tano za aina moja, kama kopa tupu), pea mbili zinazotumia kadi zako zote mbili, na pea ya juu yenye kadi ya kando kubwa ikiwa meza haina hatari. Hizi zinataka chipu nyingi ziingie. Kuna za katikati: pea ya pili, pea ya juu yenye kadi ya kando dhaifu, pea ya mkononi iliyofunikwa na kadi kubwa ya mezani. Hizi zinataka kufika mwisho kwa bei nafuu. Kuna zinazosubiri, yaani kadi nne za flashi au za mfululizo zikikosa moja. Zilizobaki ni tupu. Fungu hubadilika kila kadi mpya inapofunguliwa, na makosa mengi yanaanza pale mtu anapoendelea kucheza kwa nguvu aliyokuwa nayo raundi iliyopita.

Kisha jiulize maswali mawili kabla mkono haujagusa chipu. Dau hili likifuatwa, ni kadi gani dhaifu kuliko zangu zitakazolipa? Likimfanya mtu atupe, ni kadi gani bora kuliko zangu zitakazotupwa? Ukipata jibu la swali la kwanza, hilo ni dau la kuvuna. Ukipata la pili, ni blufu. Ukikosa yote mawili, dau halina kazi, pitisha.

Dalili: A-A na K-K zinakuletea poti ndogo, au zinapoteza poti kubwa

Chanzo kikuu ni kuficha. Mtu anapata A-A, anafuata 20 kimyakimya ili "asiwatishe", na watu watano wanaingia. Dhidi ya mpinzani mmoja mwenye kadi zozote, A-A hushinda takriban asilimia 85. Dhidi ya wawili ni 73, watatu ni 64, wanne ni 56, na watano ni 49. Bado ndiyo yenye nafasi kubwa kuliko kadi nyingine yoyote mezani, lakini zaidi ya nusu ya mara utapoteza, na utapoteza kwa mtu mwenye 8-5 ambaye hukuweza kumweka kwenye hesabu yako kwa sababu aliingia kwa 20 tu.

Dawa ni kupandisha kabla ya kadi za mezani: 80, na 20 zaidi kwa kila aliyekwisha kufuata. Wakiwa wamefuata wawili, weka 120. Kama meza yenu ni ile ambayo hata 120 hufuatwa na watu wanne, panda hadi 160 au 180. Bei sahihi ni ile inayokuacha na mtu mmoja au wawili.

Chanzo cha pili ni madau madogo baada ya hapo. Hebu tuutazame mkono mmoja kwa karibu. Wawili wamefuata 20, umepandisha hadi 120 ukiwa na A-A. Aliyeweka dau kubwa la lazima na mmoja wa wale wawili wanafuata. Poti ni 390: mara tatu 120, jumlisha 10 na 20 za waliotupa. Meza inaonyesha Q ya kopa, 8 ya kopa na 5 ya maua. Nani aliye nyuma yako atalipa? Yeyote mwenye Q, mwenye 8 mkaidi, mwenye kopa mbili, mwenye 7-6 anayesubiri 9 au 4. Ni wengi. Weka 260, theluthi mbili ya poti. Mmoja akifuata, poti inafika 910 nawe una 1,620. Kadi ya nne ni 2 ya maua, haijabadilisha kitu: weka 600. Akifuata tena, poti ni 2,110 na umebaki na 1,020. Ya mwisho ikiwa 3 ya shupaza, sukuma zote. Kwa madau matatu umemwomba 1,880.

Linganisha na mtu anayeweka 50, 50, 50 kwa kuogopa kuwafukuza. Anavuna 150, na zaidi ya hapo anampa mwenye kopa mbili bei ya bure. Kufuata 50 kwenye poti ya 390 kunahitaji nafasi ya asilimia 10 tu, naye ana 19 za kupata kopa kwenye kadi inayofuata. Ukiweka 260 anahitaji karibu 29. Akifuata sasa, anafuata kwa hasara, na hasara hiyo ni faida yako hata siku ambayo kopa itafunguka.

Na ikifunguka? Usitupe papo hapo, ila A-A yako imehamia fungu la katikati. Pitisha au weka kidogo, na ukipandishiwa na mtu ambaye hajapandisha usiku kucha, mwamini.

Kuficha kuna mahali pake, lakini ni padogo: umepata kadi kubwa mno kiasi kwamba hakuna kilichobaki cha kuwalipisha. Una K-K na meza ni K-7-7. Hapo waache wapate kitu kwanza. Ukiwa na tatu sawa kwenye meza yenye kopa mbili, kuficha ni kumpa mwenzako mtaji.

Dalili: ukiweka dau wote hutupa, ukifuatwa, umeshindwa

Hii ndiyo dalili inayokula chipu nyingi kuliko zote kwa wachezaji wa wastani, na chanzo chake ni kucheza kadi za katikati kana kwamba ni nzito.

Chukua raundi ya mwisho. Una 10-9, meza ni A-10-6-3-Q, poti ina 300, mwenzako amepitisha. Una pea ya kumi, na mkono unawasha kuweka 200. Nani atalipa? Mwenye A. Mwenye Q. Mwenye K-10 au J-10. Mwenye K-J aliyemaliza mfululizo hatalipa tu, atapandisha. Na nani atatupa? Mwenye 6, mwenye 3, na aliyekosa kila kitu, yaani wale wale uliokuwa umewashinda tayari. Dau lako limefukuza kadi dhaifu na kuita kadi bora. Ukipitisha, mwenye 6 anafunua, unachukua 300 yako.

Wengi hujitetea: "Niliweka ili nijue nilipo." Taarifa hiyo ni ghali na haina uhakika. Akifuata, bado hujui kama ana A au anasubiri flashi. Akipandisha, unatupa pea ambayo pengine ilikuwa bado inaongoza. Kupitisha na kumtazama anafanya nini hakugharimu kitu.

Kwa kadi za katikati, hesabu raundi. Pea ya juu yenye kadi ya kando dhaifu, kama K-6 kwenye meza ya K-9-3, inaweza kubeba madau mawili ya nusu poti, si matatu. Weka kwenye kadi tatu za kwanza, pitisha ya nne, kisha uamue ya mwisho kulingana na alivyofanya. Pea ya pili inabeba dau moja. Watu wanaposukuma dau la tatu kwa pea kama hizo, anayebaki kuwalipa ni mwenye kadi bora.

Tahadhari mbili ili usipindukie upande wa pili. Ya kwanza: 9-9 kwenye meza ya 7-5-2 si kadi ya katikati. Inazizidi kadi zote za mezani, na mwenye K-J ana kadi sita za kumwokoa, takriban asilimia 24 hadi mwisho. Mlipishe. Ya pili: kuna mtu kwenye kila meza asiyetupa pea yoyote, hata iwe ya 3. Kwake swali la kwanza lina jibu jipya, kwa hiyo dau dogo, theluthi ya poti, lina kazi hata kwa pea ya pili. Ila kwa mtu huyo mmoja tu, na si mkiwa wanne.

Nafasi ya kukaa inaingia hapa pia. Ukiwa wa mwisho kuamua, unaweza kupitisha na kuona kadi inayofuata bila kulipa. Ukiwa wa kwanza, kila kupitisha kunamkaribisha mwingine aweke dau. K-6 inayochezeka vizuri ukiwa kwenye kiti cha mgawaji ni ya kutupa ukiwa wa kwanza kuamua.

Dalili: unasubiri flashi kila mkono na haifiki

Flashi inafika kama inavyopaswa kufika. Tatizo ni bei unayolipa kuisubiri, na mara nyingi chanzo ni kutumia asilimia isiyo yako.

Hesabu kwanza kadi zinazokufaa. Flashi ikikosa kadi moja ina 9. Mfululizo ulio wazi pande zote mbili una 8. Mfululizo wenye pengo katikati una 4. Kadi mbili kubwa kuliko zote za mezani zina 6. Zidisha kwa 2 ukipata takriban asilimia ya kadi moja ijayo, na kwa 4 ukiwa na kadi mbili mbele na huna la kulipa tena. Flashi kwa hiyo ni 19 kwa kadi moja, 35 kwa mbili. Mfululizo wazi ni 17 na karibu 32. Wa pengo ni 8 na nusu, na 16 na nusu.

Sasa bei. Gawanya unacholipa kwa poti itakavyokuwa baada ya wewe kulipa. Dau la theluthi ya poti linakutaka uwe na asilimia 20. La nusu poti, 25. La theluthi mbili, karibu 29. La poti nzima, 33.

Una 8-7 ya maua, meza ni K ya maua, 4 ya maua, 2 ya uru. Poti ni 300, mwenzako anaweka 150. Unahitaji 150 kati ya 600, yaani 25. Mtu anasema: "Nina 35, nafuata." Lakini 35 ni ya kadi mbili, na 150 inakununulia kadi moja. Ya nne ikikosa, ataweka dau lingine. Nafasi unayolipia sasa ni 19, nawe umepungukiwa. Pengo hilo linaweza kuzibwa na chipu utakazovuna baadaye ukipata: kwa mfano huu unahitaji wastani wa takriban 185 zaidi kutoka kwake kila flashi inapofika. Kama ana 1,200 mbele yake na hajui kutupa pea ya K, fuata. Kama ni mtu anayenyamaza na kutupa mara tu maua ya tatu yanapofunguka, tupa wewe kwanza. Ila kama zile 150 ndizo zake za mwisho, mambo yanageuka: utaona kadi zote mbili bila kulipa tena, 35 ni yako halali, na kufuata ni sahihi.

Mfululizo wa pengo unataka malipo ya karibu mara 11 ya unacholipa ili usile hasara. Kwa dau la 150 hiyo ni zaidi ya 1,600. Mara chache sana ipo.

Kuna kadi zinazoonekana kukufaa na kumbe ni mtego. Maua ya tatu yakija pamoja na pea mezani, mtu anaweza kuwa amefika fulu hausi, yaani tatu sawa pamoja na pea, inayoishinda flashi. Na flashi ya 8 ni ndogo: kwenye poti ya watu watano, mwenye A au Q ya maua pamoja na ua jingine yuko mara nyingi kuliko unavyodhani. Watu wakiwa wengi, subiri flashi za A na K, na zile ndogo zitupe mapema. Hili ni muhimu kwenye meza zetu kuliko kwenye vitabu, kwa sababu hapa watano kuingia ni jambo la kawaida.

Dalili: blufu zako zinafuatwa

Angalia idadi ya watu kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Blufu ya nusu poti inahitaji kufanikiwa mara moja kati ya tatu. Ya poti nzima, nusu ya mara. Dhidi ya mtu mmoja anayetupa mara sita kati ya kumi, faida ipo. Dhidi ya watatu wa aina hiyo, wote kutupa kwa pamoja ni 0.6 mara 0.6 mara 0.6, takriban asilimia 22. Blufu ileile, kadi zilezile, na sasa ni kuchoma chipu.

Kisha mwangalie mtu mwenyewe. Anayesema "acha nilipe nione tu" anasema ukweli. Huyo si wa kutishwa, ni wa kuvunwa, na kumpigia blufu ni kujipalia makaa. Wa kutishwa ni yule anayetazama meza, anayefikiri una nini.

La mwisho ni kama madau yako yanaelezea kadi moja tangu mwanzo. Ulipandisha mapema, meza ikaonyesha A-8-3, ukaweka dau: anayesikiliza anaona A. Ulifuata tu mapema, ukapitisha, kisha kadi ya mwisho ikiwa 2 ukasukuma 500: hakuna kadi inayochezwa hivyo, na hata mchezaji wa wastani atahisi. Blufu bora hutoka fungu la zinazosubiri, kwa sababu mtu asipotupa bado una njia ya kushinda. Nyingine nzuri ni ukishika A ya kopa peke yake huku meza ina kopa tatu: flashi kubwa kuliko zote haiwezi kuwa kwa mwingine, nawe unaweza kuiwakilisha.

Dalili: A-K, J-J na pea ndogo zinakuchanganya

A-K hupata angalau pea kwenye kadi tatu za kwanza takriban mara moja kati ya tatu. Ipandishe mapema kama kadi nzito, lakini ikikosa ichukulie kama tupu yenye matumaini: dau moja dhidi ya mtu mmoja, kisha acha. J-J huona angalau kadi moja ya kuizidi, yaani A, K au Q, karibu asilimia 57 ya wakati, kwa hiyo kadi hiyo ikifunguka usishtuke. Ihamishe fungu la katikati na uende nayo kwa bei nafuu.

Pea ndogo, 2-2 hadi 6-6, hupata tatu sawa kwenye kadi tatu za kwanza takriban asilimia 12, mara moja kati ya nane au tisa. Kwa kuwa zikikosa utatupa, mpinzani awe na mara 15 hadi 20 ya unacholipa. Kufuata 80 kwa 5-5, awe na 1,200 kwenda juu. Akiwa na 400, achana naye.

Dalili: unalipa dau kubwa la mwisho na kila mara ni pea mbili au zaidi

Kwenye meza ambayo watu hufuata sana na kupandisha kwa nadra, kupandisha kwenye kadi ya nne au ya tano ni tangazo. Mtu aliyekuwa akifuata kimya, kisha akapandisha 300 yako hadi 900, hana pea ya juu. Pea yako moja, hata iwe A-A, ilipe mara chache mno.

Kipimo kinachosaidia kabla hamjafika huko: gawanya chipu ulizonazo kwa poti pindi kadi tatu zinapofunguliwa. Jibu likiwa chini ya 3, pea ya juu yenye kadi ya kando nzuri inatosha kumaliza chipu zote. Likiwa zaidi ya 10, pea moja si ya kufia. Watu wanne wakifuata 20 tu, poti ni 80 nawe una 1,980. Jibu ni karibu 25. Poti ndogo namna hiyo ndizo watu hupotezea chipu 2,000 kwa K-9, kwa sababu hakuna aliyepandisha mapema kuonyesha ana nini, na pea mbili za 7-4 zimejificha humo humo.

Dalili: wenzako wameanza kutupa kila unapoweka dau kubwa

Mmekutana Jumamosi nyingi, nao wamegundua: 80 ni A-9, 160 ni K-K. Kulinganisha dau na nguvu ya kadi hakumaanishi kulitangaza. Kabla ya kadi za mezani, ukubwa wa dau utokane na idadi ya waliokwisha kufuata, na uwe uleule kwa kila kadi unayopandisha. Baada ya hapo, ukubwa utokane na meza. Meza kavu kama K-7-2 za aina tofauti, theluthi moja ya poti inatosha, kwa nzito na kwa blufu. Meza yenye mitego kama J-10-8 na kopa mbili, theluthi mbili au zaidi, pia kwa zote. Kadi ndizo zinazoamua kama utaweka dau na kwa raundi ngapi. Meza ndiyo inayoamua kiasi.

Kwa wale wasiotazama kitu, kanuni hii ilegeze. Wao walipishe kwa ukubwa wote watakaokubali.

Dalili hazieleweki: anza na daftari

Ukishindwa kubaini kosa, andika mikono yako mikubwa kwenye simu papo hapo, mstari mmoja kila mmoja: ulikaa kiti gani, kadi zako, kadi za mezani, poti kabla ya dau, dau lako, na neno moja: kuvuna au blufu. Kama huwezi kuandika neno hilo, umeshaipata dalili. Usihukumu kwa jioni moja wala mbili, kwa kuwa A-A hupoteza kwa K-K karibu mara moja kati ya tano bila kosa la mtu yeyote. Na chipu ziwe za kiasi usichokihitaji kwa kodi au karo, maana anayeogopa kupoteza hupitisha kadi nzito na kufuata kwa kukata tamaa, na daftari lake litaonyesha hofu badala ya mchezo.

Mikono ikifika kama 30, chambua madau ya kuvuna ya raundi ya mwisho pekee, yale uliyoweka ukiwa wa mwisho kuamua na yakafuatwa. Lazima yawe yameshinda zaidi ya nusu. Yakiwa chini ya hapo, unavuna kwa kadi za katikati, na sehemu ya kurekebisha ni ile pea ya kumi kwenye meza ya A-10-6-3-Q na nyingine za aina yake. Yakiwa yameshinda karibu yote, kosa liko upande wa pili: unapitisha kadi ambazo zingelipwa. Anza kuweka theluthi ya poti kwa pea ya juu yenye kadi ya kando ya wastani, kwa wale wanaopenda kuona, kisha uhesabu tena mikono 30 inayofuata.